Safari: Neno Tulilowapa Walimwengu Likaturudia Limepungua

Yamkini hakuna neno la Kiswahili lililotembea mbali kuliko neno "safari". Wageni wa Kiingereza walilichukua katika karne ya 19 kutoka kwa misafara iliyokuwa ikitoka pwani kwenda bara, wakalitia katika vitabu vyao, na leo limo katika kamusi za lugha nyingi duniani. Sisi wanaisimu huona fahari kwa jambo kama hili. Hata hivyo, neno likisafiri huangusha baadhi ya mizigo yake njiani. Kwa Mswahili, safari ni ya mwanafunzi aendaye shule ya bweni, ya hujaji aendaye Maka, hata ya marehemu arejeshwaye kwao kuzikwa. Huko ughaibuni neno hili limebanwa hadi likabaki na maana moja: kuketi garini na kutazama wanyama. La kusikitisha ni kwamba maana hiyo iliyobanwa imeturudia sisi wenyewe, nasi tumeipokea bila kuihoji.

Wakati mmoja niliandamana na wanafunzi wa shule fulani ya upili katika ziara ya mbuga ya wanyama. Basi liliingia langoni alfajiri, likatoka saa kumi jioni, na hakuna aliyekanyaga ardhi isipokuwa kwa haja ya lazima. Tulipokuwa tukirudi niliwauliza walichokiona. Wakanihesabia: simba wawili, ndovu thelathini, twiga wasio na idadi. Nikawauliza watu waishio katika vile vijiji vilivyopakana na mbuga ni akina nani, na ndovu wakiingia shambani usiku, wao hufanyaje. Basi zima likanyamaza. Sikuwalaumu, kwani hata mimi mwalimu wao wa siku hiyo sikuwa na jibu la kuridhisha.

Jibu nilianza kulipata mbali na nyumbani, katika jimbo la Uttarakhand, kaskazini mwa India, mahali ambapo milima ya Himalaya huanza kuinuka kutoka tambarare. Nilikuwa nimekwenda Delhi kwa ajili ya kongamano, na siku kumi zikanibakia. Niliamua kuzitumia kutembea kwa miguu katika vilima vya Kumaon, kisha niteremke hadi Haridwar na Rishikesh, miji mitakatifu ya Wahindu iliyo kandokando ya Mto Ganga.

Kilichonivuta huko ni kaburi lililoko hapa kwetu. Katika makaburi ya kanisa la St Peter's mjini Nyeri amezikwa Jim Corbett, aliyezaliwa Nainital, Kumaon, mwaka wa 1875, akahamia Kenya mwaka wa 1947 na kufariki mwaka wa 1955. Corbett alikuwa mwindaji wa chui na chui milia waliozoea kula watu. Baadaye alipendelea kamera kuliko bunduki, akawa miongoni mwa waliochangia kuanzishwa kwa mbuga ya kwanza ya taifa nchini India mwaka wa 1936. Mbuga hiyo leo ina jina lake, na ndiko mradi wa taifa wa kuwahifadhi chui milia ulikozinduliwa mwaka wa 1973. Watalii huenda India kwa maelfu kuiona mbuga ya Corbett, ilhali wapo wanafunzi wa Nyeri wanaopita kando ya kaburi lake kila siku wasijue ni la nani.

Katika mbuga hiyo nami nilifanya kama wafanyavyo wengine wote. Nilipanda gari lisilo na paa, nikaamriwa nisishuke, tukazunguka saa tatu. Dereva alirudia neno "safari" kila mara, akiamini ni Kiingereza. Nilipomweleza kwamba ni la kwetu, alicheka, akaniambia kwamba katika Kihindi wana neno "safar", lenye maana ya mwendo. Ni kweli. Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu. Lile lao liliwafikia kupitia Uajemi, na letu lilitufikia kwa majahazi. Ndugu wawili waliopotezana walikuwa wamekutana ndani ya gari la watalii. Chui milia mwenyewe hatukumwona, ila nyayo zake tu kwenye mchanga wa mto.

Siku iliyofuata nilianza kutembea, na hapo ndipo mambo yalipobadilika. Njia zilikuwa zile zitumiwazo na wanavijiji, zikipita kati ya misonobari na mashamba ya ngazi. Tulikutana na wanawake wamebeba mizigo ya nyasi kichwani, mundu mkononi, wakizungumza kwa sauti za juu. Kijana aliyeniongoza, ambaye aliniita "Guru-ji", akiongeza kile kiambishi chao cha heshima, alinieleza kwamba kelele zile hazikuwa za furaha tu. Chui huwavamia sana wanawake wakatao nyasi, kwa kuwa huinama na kazi yao huwapeleka vichakani. Kwa hiyo huenda kwa makundi, wakipaza sauti. Mara tukasikia mlio kama wa mbwa kutoka bondeni. Kijana akasimama, akanizuia kwa mkono. Hakuwa mbwa bali paa wa huko, ambaye hubweka aonapo hatari. Tulisubiri hadi akanyamaza.

"Guru-ji," akaniambia, "mgeni hulipa pesa ili amwone chui. Sisi huomba tusimwone."

Katika maneno hayo machache nilisikia jibu la lile swali la kwenye basi.

Corbett aliyajua haya kwa sababu alitembea. Jike la chui milia alilolipiga risasi Champawat mwaka wa 1907 lilisemekana kuua watu 436. Alipolichunguza aliona meno yake mawili ya upande mmoja yamevunjwa na risasi ya zamani. Asiyeweza tena kuwakamata wanyama wa mwituni alikuwa amegeukia binadamu. Chui wa Rudraprayag, aliyemuua mwaka wa 1926, aliwaua watu 125 katika muda wa miaka minane, wengine wakiwa mahujaji waliokuwa wakienda kwa miguu kwenye mahekalu ya Kedarnath na Badrinath. Corbett aliamini kwamba chui huyo alizoea nyama ya binadamu wakati wa homa kuu ya 1918, ambapo maiti zilikuwa nyingi mno kuchomwa kama ilivyo ada, zikatupwa mabondeni. Kwa hiyo mnyama hakuzaliwa mla watu. Bunduki na maradhi ndivyo vilivyomgeuza. Jambo kama hili huwezi kulisoma ukiwa dirishani mwa gari.

Nilipofika Haridwar nilikaribishwa na neno jingine la nyumbani. Zile ngazi za mawe ziteremkazo mtoni, ambapo mahujaji huoga, huitwa "ghat". Sisi tulilichukua neno hilo tukaliita "gati", tukalipa kazi ya kupakua shehena bandarini. Jioni, maelfu ya watu hukusanyika kwenye ngazi hizo, taa za mafuta huwashwa na vijimashua vya majani vyenye maua na moto huachwa vichukuliwe na maji. Ng'ambo ya mto kuna msitu wa Rajaji wenye ndovu. Nilitazama utakatifu na unyika vikiwa vimetenganishwa na mto tu, nikakumbuka misitu ya kaya za Wamijikenda na mikuyu ya Waagikuyu, ambayo kwa muda mrefu ililindwa na heshima pasipo askari wala ua.

Hata hivyo, sitaki msomaji adhani kwamba huko wamefaulu katika kila jambo. Barabara za magari zimesogezwa karibu zaidi na mahekalu ya juu milimani, na hoteli zikajengwa hadi kando ya mito. Mnamo Juni 2013 mvua kubwa na ziwa la barafu lililopasuka vilileta mafuriko Kedarnath yaliyoua maelfu ya watu, na ujenzi holela kwenye kingo za mito ulizidisha maafa. Mapema mwaka wa 2023 nyumba za mji wa Joshimath, ulio kwenye njia ya Badrinath, zilipasuka nyufa kwa sababu ardhi ilikuwa ikididimia. Mlima uliostahimili nyayo za karne nyingi umeanza kuelemewa na magurudumu.

Kuna watakaonipinga, na hoja yao ina uzito. Mzee asiyeweza kutembea naye ana haki ya kuabudu, na gari la watalii humletea mwanakijiji riziki. Sipendekezi magari yapigwe marufuku. Ninachokataa ni kuwafundisha vijana wetu kwamba dirisha la gari ndilo jicho pekee la kutazamia nchi yao.

Walimu wenzangu, yapo mahali humu nchini ambapo mwanafunzi anaweza kushuka akatembea: Hell's Gate, msitu wa Kakamega, Karura, na vilima vya Mlima Kenya. Pakiruhusiwa, tumshushe. Ziara ya mbuga ikipangwa, asubuhi moja iwe ya kijijini, wanafunzi wamsikilize mkulima aliyekesha akifukuza ndovu kwa makopo na mienge. Sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 inatambua fidia kwa aliyejeruhiwa au aliyeharibiwa mimea. Wamwulize kama ameipata, na baada ya muda gani. Wakirudi darasani waandike insha, na wasianze kwa kuhesabu simba.

Neno ni letu, na mwenye mali ndiye ajuaye thamani yake. Wahenga walituambia kwamba kutembea kwingi ni kuona mengi. Hawakusema kuketi kwingi.