Mtoto wa Kibopa cha Sabuni na Kamera Yake China

Ukisikia "mtoto wa kibopa" unajua kinachokujia kichwani: gari, miwani myeusi na kutapanya hela za mzee. Sasa msikie huyu Sidney Gamble wa Marekani. Babu yake, James Gamble, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Procter & Gamble, kampuni iliyoanza na sabuni na mishumaa (ndiyo hao hao wa Pampers, bwana). Jamaa angeweza kukaa kwao akaponda raha mpaka achoke. Yeye akaenda China.

Alifika kwanza na wazazi wake mwaka 1908, akarudi mara tatu hadi 1932. Alikuwa mtafiti wa maisha ya watu, mwenzake kamera. Mjini Beijing alichunguza mapato na matumizi ya familia 283: nani anapata ngapi, chakula kinameza kiasi gani. Udaku wa kisomi huo, lakini ndio uliompeleka palipo na watu. Akapiga picha wavuta riksho, wafungwa, ngamia wa mizigo, mazishi ya Sun Yat-sen 1925. Mwaka 1919 alikuwapo wanafunzi walipoingia barabarani kwa hasira, baada ya mkutano wa Versailles kuipa Japani haki za Wajerumani kule Shandong. Picha za wanafunzi hao ndizo zilizoninasa zaidi. Vijana wa rika letu, kanzu ndefu, wanahutubia umati.

Gamble alifariki 1968. Picha chache tu ndizo zilizokuwa zimetoka vitabuni. Mwaka 1984 binti yake akafungua kabati nyumbani, New York. Kumbe! Negativu kwa maelfu, zimo katika masanduku ya mbao yenye nakshi, kila moja na bahasha yake na maelezo yake. Filamu za zama zile zinashika moto upesi, kwa hiyo cheche moja ingetosha kumaliza kila kitu.

Leo zimehifadhiwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina. Zaidi ya 5,000 zimewekwa kwenye intaneti, unaziangalia bure.

Nina nongwa moja tu. Maelezo yanakupa mahali na shughuli, lakini wengi hawana majina. Mtu alihesabu mpaka senti za familia za Beijing, halafu mvuta riksho anabaki "mvuta riksho"! Wajukuu wake huenda wapo mjini humo hadi leo, na sura ya babu yao iko wazi kwa dunia nzima, wao hawana habari.