Makumbusho ya Taifa na Urithi Ulio Mikononi Mwetu

Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam yaliibiwa vitu kadhaa, kikiwamo kinyago cha Kimakonde. Mwaka uliofuata kinyago hicho kilinunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya mjini Geneva, Uswisi. Mwaka 1990 ilibainika kuwa ndicho kilichoibwa, na baada ya mazungumzo ya muda mrefu kikarejeshwa nchini mwaka 2010. Miaka 26 ilikuwa imepita.

Kinyago hicho kilirudi kwa sababu kilikuwa mali ya taasisi inayojulikana, na walikuwapo waliojua kilikotoka. Kitu cha kale kinachouzwa mlangoni kwa mgeni, bila picha wala maandishi, hakina wa kukidai.

Makumbusho hayo, yaliyopo Mtaa wa Shaaban Robert, yalianzishwa mwaka 1934 na kufunguliwa kwa wananchi mwaka 1940. Humo huhifadhiwa vinyago, ngoma na vyombo vya jamii zetu, pamoja na masalia ya kale kutoka Bonde la Olduvai, ambako Mary Leakey aligundua fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959. Nyumba ya Utamaduni, iliyo sehemu ya taasisi hiyo, huwapa wachoraji, wachongaji na wasanii wa jukwaani mahali pa kuonesha kazi zao. Katika Makumbusho ya Kijiji, kando ya Barabara ya Bagamoyo, zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali. Mwanafunzi huona huko jinsi babu zake walivyosuka kuta na kuezeka paa.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya urithi wetu haimo makumbusho, imo majumbani. Kwa hiyo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda pia vitu vilivyo nje ya makumbusho, ikiwamo milango na miimo ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Kuvisafirisha vitu hivyo nje ya nchi kunahitaji kibali.

Mkazi anashauriwa kufanya yafuatayo:

1. Akikuta vigae, mifupa ya kale au makaburi ya zamani anapolima au kuchimba msingi, asimamishe kazi mahali hapo, asihamishe kitu, na atoe taarifa kwa Mtendaji wa Kata.

2. Familia yenye kinyago, ngoma au mlango wa kale ikipige picha kitu hicho, ikipime, na iandike jina lake, kazi yake na aliyekirithisha.

3. Kabla ya kuuza kitu cha namna hiyo, iombe ushauri wa maofisa wa mambo ya kale au wa makumbusho.

Wazee wanaofahamu majina na matumizi ya vitu hivi wangali nasi. Yaandikwe wanayoyajua wakiwa hai, kwa maana kitu kisicho na maelezo hubaki mti na ngozi tu.