Maji ya chemchemi yang'aa, lakini hadubini ya shule haimalizi kesi

Na Mwandishi Wetu

PANGA chupa tatu za maji juu ya meza ya maabara ya shule ya sekondari jijini Kampala: moja ya dimbwi la kinamasi, moja ya ziwani Ggaba, na moja ya chemchemi iliyojengewa bomba bondeni. Waulize wanafunzi wangekunywa ya wapi. Ya dimbwi hayatapata mtu. Wengi watachagua ya chemchemi, maana yanang'aa kama kioo.

Kisha weka tone la kila chupa chini ya hadubini. Hapo ndipo somo linaponoga, na ndipo linapoweza kumpotosha mtoto.

Tone la dimbwi ni sherehe. Kwa lenzi zinazokuza mara 100 huonekana paramesiamu, kiumbe cha seli moja chenye umbo la kandambili, akipiga kasia kwa vinyweleo vyake. Urefu wake ni kama robo ya milimita. Huwa na mbio, hivyo walimu wazoefu huweka nyuzi chache za pamba kwenye tone ili wamzuie. Akitulia, mwanafunzi huona ndani yake kijifuko kinachojaa na kunywea, kinajaa tena na kunywea. Hiyo ndiyo pampu ya kutoa maji yanayoingia mwilini mwake, bila hiyo angepasuka. Nitathubutu kusema kwamba kijifuko hicho hufundisha zaidi ya michoro kumi ya ubaoni.

Wapo pia yuglena wa kijani mwenye mjeledi, na rotifa ambaye mdomo wake huonekana kama magurudumu mawili yanayozunguka. Hadubini zisizo na umeme hutumia kioo kuvuta mwanga. Kioo hicho kisielekezwe kwenye jua lenyewe, kwani jicho laweza kuungua.

Maji ya Ggaba yana habari nyingine. Mfereji wa Nakivubo hubeba maji machafu ya jiji hadi Ghuba ya Murchison, na uchafu huo ni mbolea kwa mwani. Chini ya lenzi huonekana mafundo ya chembe za rangi ya bluu na kijani, ambazo kwa kweli ni jamii ya bakteria, na baadhi yake hutoa sumu. Ghuba hiyo hiyo ndiko yanakovutwa maji ya kusafishwa kwa ajili ya mabomba ya Kampala.

Sasa tone la chemchemi. Mtoto anazungusha lenzi huku na huku, haoni kitu. Anaandika daftarini: "Maji ni safi."

Hilo ndilo kosa la kuwahi kulizuia. Kijidudu cha kipindupindu kina urefu wa takriban sehemu mbili za elfu za milimita. Wangepangwa 500 kwa mstari ndipo wafike milimita moja. Hata lenzi zikikuza mara 400, bila kutiwa rangi maalumu ni vigumu kumtofautisha na vumbi. Isitoshe, Shirika la Afya Duniani hutaka kusiwe na hata bakteria mmoja wa kinyesi aina ya E. koli katika mililita 100 za maji ya kunywa. Tone moja ni kama sehemu moja tu ya 2,000 ya kiasi hicho.

Chemchemi za Kampala zenyewe zina historia. Uganda ilikumbwa na mlipuko mkubwa wa kipindupindu mwaka 1997 na 1998. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba mvua ikinyesha, uchafu uliotapakaa kuzunguka chemchemi hizo huingia majini upesi. Maji hubaki maangavu.

Viumbe wakubwa nao wana sehemu yao katika kesi hii. Kopepodi, mdudu wa majini anayekaribia kuonekana kwa macho, huweza kubeba vijidudu vya kipindupindu mwilini mwake. Nchini Bangladesh, timu ya mwanasayansi Rita Colwell ilieleza mwaka 2003 kwamba vijiji vilivyochuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa vilipunguza kipindupindu kwa karibu nusu. Nusu iliyobaki ndiyo inayodai sufuria na kuni, au dawa ya klorini.

Kwa hiyo shule inayoweza ifanye kipimo cha pili. Maji kidogo humiminwa kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, kisha hufunikwa na kuachwa mahali penye joto kwa siku moja. Bakteria mmoja asiyeonekana huzaliana hadi kuwa doa linalohesabika kwa macho. Sahani nyingine iwekwe maji yale yale yaliyochemshwa na kupozwa, ili watoto walinganishe.

Vifuniko vya sahani hizo havifunguliwi tena. Zikishahesabiwa, hulowekwa kwenye klorini zikiwa mikononi mwa mwalimu mwenye glavu, na wanafunzi hunawa kwa sabuni kabla ya kwenda kula.