Dhahabu ya Mjerumani Haiko Tukuyu

Kila sisi wanaakiolojia tuingiapo kijiji cha Rungwe na sururu, ramani na kibali cha Idara ya Mambo ya Kale, huulizwa swali lile lile, nao waulizao si wajinga hata kidogo: Mjerumani alizika wapi dhahabu yake? Aghalabu huongezwa habari za zebaki nyekundu, na za mganga ajuaye kusoma alama za mawe, ambaye ujira wake hulipwa kabla shimo halijachimbwa.

Majeshi ya Jenerali Northey wa Uingereza yalivuka mpaka wa Nyasaland mwezi wa Mei 1916, na mwezi haukuisha ila Neu-Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo, ilikuwa mikononi mwao. Zama hizo serikali ya Kijerumani, iliyokwisha kufungiwa njia ya bahari, ilikuwa imefilisika sarafu hata ikachapa noti za muda humu humu nchini, na maganda ya mizinga yakafuliwa kuwa sarafu za heller. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke ilipelekwa Tabora, zikatengenezwa rupia za 15 zenye sura ya tembo, takriban 16,000 tu. Basi Bwana Mkubwa wa boma, ambaye dola yake ililipa deni kwa karatasi, angeyatoa wapi masanduku ya dhahabu ya kufukia? Ama hiyo zebaki nyekundu ya mamilioni, haiko Rungwe wala duniani.

Kiangamizwacho na mashimo ya watafutao hazina hiyo ni tabaka za ardhi. Mlima Rungwe ulilipuka miaka ipatayo 4,000 iliyopita ukamwaga mawe mepesi ya povu. Kigae kilicho chini ya tabaka hilo ni cha kale kulipita, na kilicho juu ni cha baadaye. Likishavurugwa, hakuna mtaalamu awezaye kulirudisha.

Walakini uvumi huu umelishwa na wenye fani yetu, walioajiri vijana kuchimba, kisha wakapakia masanduku yaliyofungwa wakaondoka bila ya neno. Mwanakijiji afikiri nini? Huko Iringa, kinyume chake, mwanaakiolojia Pamela Willoughby na wenzake waliwarudishia wenyeji habari za uchimbaji, na boma la Kijerumani la huko sasa ni makumbusho.

Ukikuta kigae shambani, kiache kilipo, pima kina, kipige picha na kalamu kando yake, mwarifu mwenyekiti wa kijiji na afisa utamaduni wa wilaya. Usichimbe: bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Msitu wa matambiko wa Lubaga hauingiwi ila kwa idhini ya wazee, na mtafiti naye si mbora wa mtu. Ausomee mkutano wa kijiji orodha ya vilivyopatikana kabla gari halijapakiwa. Akikataa, mwulizeni kibali chake.