Mkeka Kando ya Kitanda: Malazi ya Familia za Watoto Mahututi Kati ya Kashuga na Mweso

Kashuga ni mji mdogo wa wilaya ya Masisi, katika jimbo la Kivu Kaskazini, uliopo kwenye barabara inayotoka Mweso kuelekea Kalembe na Pinga, karibu na pale ambapo Masisi inakwisha na Walikale inaanza. Kwa miaka mingi jina lake limetajwa zaidi kwa sababu ya kambi za wakimbizi wa ndani, yaani watu waliohama makwao kwa vita bila kuvuka mpaka wa nchi. Mfumo wa afya wa Kongo umegawanywa katika zone za afya, na kila zone huwa na hospitali kuu ya rufaa inayozungukwa na vituo vidogo. Kashuga ina kituo cha afya, na mtoto anayezidiwa pale hupelekwa kwenye hospitali kuu ya Mweso, ambayo kwa zaidi ya miaka kumi imekuwa ikisaidiwa na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF. Gari la wagonjwa likipatikana na barabara ikipitika, safari hiyo si ndefu. Mvua ikinyesha au risasi zikisikika, mtoto hubebwa kwa pikipiki ya kukodi, na anayetoka vilima vya ndani hubebwa kwa tipoyi, machela ya miti inayokaa mabegani mwa wanaume wanaopokezana njia nzima.

Mgonjwa wa namna hiyo hafiki peke yake, na kulazwa kwake si kwa mtu mmoja. Katika hospitali za Kivu kila mtoto ana mlinzi wa mgonjwa, ambaye kwa kawaida ni mama au bibi, na ambaye humwogesha, humlisha, hufua nguo zake, huamka usiku kutazama kama dripu bado inashuka, humwita muuguzi inapokwama na hukimbia maabara na duka la dawa anapotumwa. Baba akiwapo, huulizwa kama yuko tayari kutoa damu. Kwa uchache wa wauguzi, wodi ya watoto isingemaliza hata usiku mmoja bila watu hawa. Hata hivyo, majengo mengi yalichorwa kwa kuhesabu vitanda vya wagonjwa tu, hivyo mama hujibanza kwenye godoro lile lile la mtoto au hutandika mkeka na kitenge sakafuni, mtoto mchanga anayenyonya akiwa kifuani, sufuria na mfuko wa unga vikiwa chini ya kitanda, na asubuhi huenda nyuma ya wodi kutafuta mafiga yaliyo wazi na kuni za kununua. Ni mtumishi asiye na mshahara wala mahali pa kulala.

Inafaa kukumbuka kwamba nchi zilizojenga hospitali za mfano zilichelewa kutambua jambo ambalo mama wa Masisi hakuhitaji kufundishwa. Nchini Uingereza hadi katikati ya karne ya 20 wazazi waliruhusiwa kumwona mtoto aliyelazwa kwa saa chache tu, wakati mwingine siku chache tu katika wiki, na ilihitajika ripoti ya serikali ya mwaka 1959, iliyopewa jina la mwenyekiti wake Harry Platt, kupendekeza milango ifunguliwe na mama aweze kulala na mtoto wake. Kivu haikuwa na desturi ya kumtenga mama na mtoto. Kilichokosekana ni kumwandalia mama huyo nafasi, na tofauti kati ya kumvumilia mtu wodini na kumpokea ndiyo kiini cha suala zima la makazi ya muda.

Uzito wa suala hutegemea ugonjwa. Malaria kali inayokausha damu ya mtoto, ambayo tiba yake ni dawa za sindano na kuongezewa damu, mara nyingi huisha au huua ndani ya siku chache, na siku chache mama huzistahimili sakafuni. Mambo hubadilika kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, anayesubiriwa aongeze uzito gramu kwa gramu. Kwa aliyeungua na uji au moto wa jikoni, ambaye vidonda vyake husafishwa tena na tena kabla ya kufunikwa ngozi. Au kwa aliyevunjika paja, anayelazwa mguu ukiwa umevutwa kwa uzito hadi mfupa ushike. Hao hukaa wiki, wengine miezi. Katika muda huo msimu wa kupanda maharage hupita, akiba ya nauli huliwa, na inafika siku ambapo mama humfunga mtoto mgongoni na kuondoka kabla ya ruhusa ya daktari. Wahudumu wa afya huita hali hiyo kuacha matibabu, jina linalomtwika mama lawama, ilhali mara nyingi kilichoisha ni unga wala si moyo.

Utapiamlo mkali unaonyesha jambo hili kwa undani zaidi. Zamani mtoto aliyedhoofika sana aliwekwa pamoja na mama yake katika kituo cha lishe kwa karibu mwezi mzima. Mwaka 2007 mashirika ya Umoja wa Mataifa, likiwamo Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF, yalikubaliana kwamba watoto wengi watibiwe nyumbani kwa pasta ya karanga iliyoongezwa maziwa, sukari, mafuta na vitamini, na kwamba walazwe wale tu wenye matatizo mengine, kama homa kali, kuvimba sana au kukosa hamu ya kula. Wodi inayowapokea nchini Kongo huitwa UNTI, kifupi cha Kifaransa kwa kitengo cha tiba ya kina ya lishe. Mtoto hupewa kwanza maziwa mepesi ya F-75 ili mwili utulie, hamu ikirudi hupewa chakula chenye nguvu zaidi, kisha huruhusiwa na kuendelea na pasta akirejea kituoni kila wiki kupimwa. Mpango huu umeokoa watoto wengi na kupunguza msongamano wodini, lakini umesimama juu ya dhana moja, kwamba mtoto anayeruhusiwa ana nyumba ya kurudia. Familia iliyokimbia Kashuga wakati mtoto yuko Mweso haina tena anwani ya kumpelekea, na pasta inayobebwa kuingia katika hema lenye watu wanane wenye njaa haiwezi kubaki ya mtoto mmoja.

Wapo pia ndugu waliobaki, ambao hawahesabiwi popote. Mama anayekwenda hospitalini huacha nyuma watoto chini ya ulinzi wa dada mwenye umri wa miaka kumi hivi, au huja nao wote, na wodi ikajaa watoto wazima wanaolala kati ya wagonjwa. Kivu Kaskazini yenyewe imewahi kupata jibu zuri la tatizo hili, tena katika mazingira magumu kuliko yote: wakati wa mlipuko wa Ebola wa mwaka 2018 hadi 2020, ambao uliua zaidi ya watu 2,200, UNICEF ilisaidia kufungua nyumba za kulelea watoto kando ya vituo vya tiba huko Beni na Butembo, na walezi wake walikuwa watu waliougua Ebola wakapona, ambao kwa kinga waliyoipata waliweza kumshika na kumbeba mtoto ambaye wengine waliogopa kumgusa. Mlipuko ulipokwisha, nyumba hizo zilihesabiwa kuwa sehemu ya dharura iliyopita, ingawa hitaji la mahali pa kuwaacha watoto wazima lilikuwapo kabla ya Ebola na lingalipo.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na Kashuga. Pembeni ya hospitali kuu ya mji wa Masisi, MSF iliweka makazi ya wajawazito wenye hatari, ambako mwanamke anayetoka mbali hukaa wiki za mwisho za mimba ili uchungu usimkute mlimani. Tanzania makazi ya aina hii hujulikana kama mama ngojea, na mwaka 2015 WHO iliyapendekeza rasmi kwa maeneo ya mbali na yenye huduma chache. Muundo wake si wa anasa: paa, vitanda, jiko la pamoja, maji, choo na mkunga anayepita. Ikiwa hoja inayokubalika kwa mjamzito ni kwamba umbali na hali ya njia ni sehemu ya hatari yake, hoja hiyo hiyo inamhusu mama wa mtoto aliyeungua, na ni vigumu kuona kwa nini paa la kwanza lijengwe na la pili lisubiri.

Kwingineko Afrika Mashariki kilichosukuma ujenzi wa nyumba hizi ni saratani ya watoto, kwa kuwa tiba yake huchukua miezi na hutolewa katika miji michache. Jijini Dar es Salaam, shirika la Tumaini la Maisha, linalofanya kazi na Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, lina hosteli iitwayo Ujasiri House kwa familia zinazotoka mikoani. Jijini Kampala, Bless a Child Foundation huwapa makao watoto wanaotibiwa katika Taasisi ya Saratani ya Uganda. Asili ya wazo hili huelezwa kwa kutaja nyumba iliyofunguliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1974, kwa juhudi za daktari Audrey Evans na timu ya mpira wa Kimarekani ya mji huo, ambayo binti wa mmoja wa wachezaji wake aliugua saratani ya damu. Nyumba hiyo ilizaa mtandao wa Ronald McDonald House. Kwa mtoto wa Kashuga, nyumba za Kampala ziko mbali mno, na anayehitaji upasuaji mkubwa hutarajia kufika Goma tu, mji ambao mama asiye na ndugu humo hulala kwenye veranda ya hospitali.

Kupanua malazi kunaweza kupimwa kwa hesabu nyepesi. Viwango vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada kupima makazi ya dharura, vinataka kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 za nafasi iliyoezekwa, na choo kimoja kwa kila watu 20. Nyumba ya familia 40, kila moja ikiwa na mama na mtoto mmoja asiye mgonjwa, ingehitaji mita za mraba 280, mfano jengo la mita 28 kwa 10, na vyoo vinne, bila kuhesabu jiko na mahali pa kufulia. Kwa mbao, mabati na mafundi waliopo Masisi, jengo hilo si kazi kubwa. Kiwanja ndicho kigumu, kwa kuwa ardhi ya Masisi ina migogoro ya muda mrefu na hospitali haiwezi kujitanulia ua wake kwa kuamua tu.

Hatari zake nazo ni za kweli. Surua, iliyoua zaidi ya watu 6,000 nchini Kongo katika mlipuko ulioanza mwaka 2018 na kuenea mwaka 2019, hupita upesi palipo na watoto wengi chini ya paa moja, hivyo kila mtoto anayeingia anapaswa kuangaliwa chanjo na homa kabla ya kupewa mkeka. Vita navyo huvuruga kila mpango: Januari 2024, mapigano yalipofika Mweso, maelfu ya watu walikimbilia ndani ya hospitali, na Januari 2025 hali ikawa hiyo hiyo katika hospitali ya Masisi, ambako korido na ua viligeuka kambi. Nyumba ya walinzi wa wagonjwa isiyo na uzio na orodha ya wakazi ingejaa siku ya kwanza ya namna hiyo, na hakuna msimamizi mwenye utu ambaye angeweza kumfukuza mtu.

Kikwazo kikubwa zaidi kimo katika vitabu vya fedha. Msaada wa dharura hupangwa kwa mafungu: fungu la makazi huhesabu waliohama, la afya huhesabu wagonjwa, la chakula huhesabu kaya zilizoandikishwa, na mama aliyelala kando ya kitanda cha mtoto si mgonjwa, na wakati huo hayupo kambini kuandikishwa. Pengo hilo limezibwa kidogo katika lishe, ambako walezi wa watoto waliolazwa hupangiwa chakula, lakini mama wa mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo katika wodi ya jirani hategemei mpango kama huo. Marekani, ambayo mwaka 2024 ililipia takriban asilimia 70 ya misaada ya kibinadamu nchini Kongo, ilianza kukata fedha hizo Januari 2025, na mashirika yakapunguza kazi zao. Hatua ambayo ingegharimu kidogo kuliko zote katika hali hiyo ni kuongeza katika daftari la kulaza wagonjwa safu mbili, ya mlinzi na ya watoto alioandamana nao, ili hospitali inapoomba unga, mablanketi na mabati iombe kwa idadi ya watu waliomo kweli ndani ya ua wake.