Nitrojeni ya Majitaka: Iendako Baada ya Kutoka Nyumbani

Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya maji ya bomba katika mji wa Dodoma imetoka ardhini, kwenye visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora. Yakishatumika, maji hayo hushika njia mbili. Baadhi hupita katika mtandao wa majitaka hadi mabwawa ya Swaswa. Yaliyo mengi huishia katika mashimo na makaro ya nyumbani. Kwa njia zote mbili hubeba nitrojeni, ambayo chanzo chake kikuu ni mkojo.

Nitrojeni hiyo haipotei, bali hubadilika. Kwanza huwa amonia. Penye oksijeni, bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Pasipo oksijeni, bakteria wengine huivunja nitrati na kuirudisha angani ikiwa nitrojeni ya kawaida, ile tunayoivuta kila siku pasipo madhara. Kazi hii ikikatizwa njiani, kwa mfano oksijeni inapokuwa haba pale inapohitajika, hutoka gesi ya nitrasi oksaidi. Hiyo ndiyo gesi ambayo madaktari wa meno huitumia kutuliza wagonjwa. Lakini angani hudumu kwa takriban karne nzima, na katika miaka 100 kilo 1 yake hupasha dunia joto sawa na kilo 273 za kabonidioksidi.

Mitambo inayopuliza hewa ndani ya majitaka, kama ile ya miji mingi ya Ulaya, ina vipimo vya oksijeni na mwendeshaji huweza kuirekebisha. Mabwawa hutegemea jua, mwani, upepo na muda. Gharama yake ni ndogo, nasi katika nyanda hizi kavu jua tunalo tele. Ila muda ukipunguzwa, hakuna cha kuufidia. Ndiyo sababu mteja hakatazwi bure kuelekeza maji ya mvua kwenye chemba ya majitaka: maji hayo huyasukuma majitaka yatoke bwawani kabla bakteria hawajamaliza kazi yao.

Kwa mwenye shimo au karo, hatari iliyo karibu zaidi ni nitrati inayopenya ardhini. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996 uliihusisha nitrati nyingi katika maji ya ardhini ya Dodoma na majitaka. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati kwa lita 1 ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo, kwa kuwa nitrati huweza kuifanya damu yao ishindwe kubeba oksijeni. Wengi hudhani kuchemsha kunatosha. Kuchemsha huua vijidudu, lakini nitrati hubaki, na maji yanapopungua sufuriani hukolea zaidi.

Mwenye kisima uani, karibu na choo chake au cha jirani, apeleke sampuli ya maji maabara kabla ya kumnywesha mtoto. Ambaye mtaa wake umefikiwa na mtandao wa majitaka aombe kuunganishwa. Na anayeita gari la kunyonya majitaka amuulize dereva, kabla ya kumlipa, atakwenda kuyamwaga wapi.