Nani Alichana Ukurasa wa Mwisho?

Hakuna bastola wala magari yanayofukuzana, lakini ukikianza hukiweki chini. Hadithi za upelelezi wa taratibu, zile za barazani na maktabani, zina raha gani? Na zina somo gani kwa wawili wanaolala chumba kimoja?

Kesi yangu ya kwanza niliipata nikiwa darasa la sita, Turiani, mwaka 2000. Mwaka huo siusahau, maana ndio Mtibwa Sugar walichukua ubingwa wa Tanzania Bara kwa mara ya pili mfululizo, na pale kwetu, katikati ya mashamba ya miwa na milima ya Nguru, watu hawakuwa na stori nyingine. Mimi nilikuwa nayo.

Maktaba ya shule yetu ilikuwa kabati moja la mbao kwenye ofisi ya walimu, lenye kufuli. Kila Ijumaa mwalimu analifungua, unachagua kitabu kimoja, unaandika jina, tarehe na sahihi yako kwenye kaunta buku. Basi Ijumaa moja nikaazima Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla. Jumamosi nikakisoma mchana kutwa na rafiki yangu, tumelalia tumbo kwenye mkeka, tukaishia karibu kabisa na mwisho. Usiku kikabaki kwetu. Jumapili yeye akaondoka nacho, Jumatatu asubuhi akakileta. Nafungua nimalizie, karatasi ya mwisho haipo! Imechanwa.

"Nilikikuta hivyo hivyo," alisema.

Sikumwamini. Mwalimu alipouliza, nikamtaja yeye. Jina lake likafutwa kwenye ile kaunta buku, na mpaka tunamaliza darasa la saba hakuruhusiwa kuazima kitabu tena. Mimi na yeye ndio ikawa mwisho wa kuongea. Nilijiona mpelelezi hodari sana.

Bwana Msa na wenzake

Mpenzi msomaji, kama hujawahi kumsoma Bwana Msa, umekosa uhondo. Aliyemtunga, Muhammed Said Abdulla, alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alianza kazi kwenye ukaguzi wa afya, baadaye akawa mhariri wa magazeti (ndiyo, mhariri kama mimi, niacheni nijisifu). Mzimu wa Watu wa Kale kilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957/58, kikachapishwa 1960. Baada ya hapo vikaja Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na vingine. Mzee alifariki mwaka 1991, lakini Bwana Msa wake bado anavuta kiko.

Na kazi yake kubwa ndiyo hiyo: kuvuta kiko, kusikiliza na kufikiri. Pembeni yupo rafiki yake Najum, anayeuliza yale ambayo mimi na wewe tungeuliza. Mtu anakutwa ameuawa mahali pa mizimu, wengine wanatetemeka, Bwana Msa anauliza maswali. Ukimkumbuka Sherlock Holmes na Watson wake hujakosea, damu yao ni moja.

Sasa usimchanganye na vijana wa mjini. Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa ni watu wa kazi: safari, bastola, warembo na maadui wa taifa. Wale ni bomba, nimewasoma sana, mara nyingine chini ya dawati. Lakini ukimaliza kitabu chao moyo unakwenda mbio. Ukimaliza cha Bwana Msa unataka kikombe cha chai.

Wazungu nao wanazo za namna hii, tena rafu kwa rafu. Malkia wao ni Agatha Christie (1890–1976), na mpelelezi wake mmoja ni Miss Marple, bibi mzee ambaye hakuolewa, anayefuma sweta na kujua habari za kijiji kizima. Karibu na kwetu yupo Precious Ramotswe, mama wa Gaborone aliyefungua ofisi ya upelelezi katika kitabu cha Alexander McCall Smith cha mwaka 1998, The No. 1 Ladies' Detective Agency. Silaha zake ni chai ya rooibos, gari dogo jeupe na akili ya kuwasoma watu. Mchumba wake ni fundi magari mpole kupita kiasi. Mimi naziita zote upelelezi wa barazani.

Ukizisoma nyingi utaziona zinafanana. Mahali ni padogo na watu wanafahamiana. Ubaya unatokea, lakini haturundikiwi damu na matumbo. Anayetafuta ukweli mara nyingi ni raia wa kawaida mwenye macho na masikio. Na mwisho wa kitabu jibu linapatikana, watu wanarudi kusalimiana. Kwa mtu aliyetoka kwenye foleni ya Dar, bosi kamkoromea na Luku imekata, hiyo ni dawa tosha.

Kwa nini maktaba?

Hapo ndipo utamu unapozidi. Mwaka 1942 Christie alitoa The Body in the Library. Asubuhi moja mke wa kanali anaambiwa kuna maiti ya msichana asiyejulikana kwenye chumba cha vitabu cha nyumbani kwao. Christie mwenyewe alisema maiti maktabani lilikuwa jambo lililokwisha kutumika mno katika hadithi za aina hiyo, na ndiyo maana alitaka kulichezea kwa namna yake. Miaka ya karibuni Wamarekani wamelifanya kuwa fungu zima. Miranda James, ambaye ni jina la kalamu la mkutubi Dean James, alianza mwaka 2010 na Murder Past Due, kuhusu mkutubi wa mji mdogo na paka wake mkubwa. Mwaka uliofuata Jenn McKinlay akaja na Books Can Be Deceiving, naye mpelelezi wake ni mkurugenzi wa maktaba.

Fikiria maktaba ilivyo. Kimya. Kila kitu kina mahali pake na namba yake, kwa hiyo kikihama kinaonekana. Kila aliyegusa kitu ameacha jina na tarehe. Mkutubi anajua nani anasoma nini, na hasemi. Ni mahali ambapo unaamini kwamba swali lako, hata liwe gumu vipi, lina jibu kwenye rafu fulani, ukiwa na subira.

Mimi jibu la Bwana Msa nililipata Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, ile ya Mtaa wa Bibi Titi Mohamed ambayo Mwalimu Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967. Nilikuwa chuo mwaka wa kwanza. Nilikwenda kutafuta vitabu vya mawasiliano ya umma, nikakutana na Mzimu wa Watu wa Kale umekaa unanisubiri. Nikausoma mwisho wake nimesimama. Muuaji nikamjua. Aliyechana karatasi nilidhani namjua tangu zamani.

Kesi ya pili

Sasa twende nyumbani kwangu. Mwaka jana mume wangu alibadilika. Alikuwa anarudi saa moja jioni, sasa akawa anaingia saa tatu. Simu anailaza kifudifudi. Ukiuliza, "Kazi, mke wangu." Siku moja simu ikaita meseji yeye yuko bafuni, nikaisoma juu juu: "Asante, tukutane tena kesho saa 12." Namba haina jina.

Shoga, nikaingia kazini! Nikakagua mifuko ya suruali. Nikanusa mashati. Nikahesabu dakika za kutoka ofisini kwake mpaka kwetu Kimara. Ushahidi wote ukaenda upande mmoja, maana hukumu nilikuwa nimeshaiandika.

Pasaka tukaenda Turiani kumwona mama. Masika yalikuwa yamekolea, mvua haichagui saa, na usiku wa pili umeme ukakatika. Hakuna televisheni, simu zimezima chaji. Nilikuwa na Mzimu wa Watu wa Kale kwenye begi, nimekinunua kwa wauza vitabu vya mitumba. Kwa kukwepa kimya nikaanza kukisoma kwa sauti, chini ya taa ya sola. Mume wangu akasogea. Mama akasogea na kigoda chake.

Mama akakiangalia kile kitabu. "Hee! Si ndicho marehemu baba yako alichokiunguza?"

Nikanyamaza. Mama akacheka, akaendelea. Kumbe usiku ule wa Jumamosi, sisi watoto tumelala, baba alikichukua akakisoma kwa kibatari. Usingizi ukamchukua, karatasi ya mwisho ikashika moto. Akaizima kwa mkono, akaichana iliyobaki, akakirudisha mezani.

"Sasa mama, kwa nini hakusema?"

"Angesemaje, mwanangu? Mtoto kaazima kitabu cha shule, baba mtu kakiunguza. Aliona haya. Na ulivyokuja juu siku ile, haya ikazidi."

Mtu pekee ambaye sikumweka kwenye orodha ya watuhumiwa. Yaani kama kitabuni kabisa, ila kitabuni mtu asiye na kosa husafishwa kabla ya ukurasa wa mwisho. Rafiki yangu alikaa zaidi ya miaka 20.

Tulipoingia kulala mume wangu akakaa kitandani bila kuvua viatu. "Alichosema mama ni kweli," akaanza. "Haya inamfunga mtu mdomo." Ndipo akanieleza. Alimdhamini mwenzake wa kazini kwenye mkopo, mwenzake akaacha kazi na kuhama mji, sasa makato yanaingia kwenye mshahara wake. Kuziba pengo, kila jioni anafundisha hesabu watoto wa kidato cha pili. Ile meseji ilikuwa ya mzazi. Simu alikuwa anaificha kwa sababu ya meseji za deni.

Sikufurahi, nisikudanganye. Kuweka sahihi ya udhamini bila kunishirikisha ni kosa, na nilimwambia. Tulibishana mpaka jogoo la kwanza. Lakini tulikuwa tunabishana juu ya jambo lililopo.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ninazipenda hizi hadithi. Bwana Msa anaanza na maiti, kisha anamtafuta muuaji. Mimi nilianza na muuaji, nikawa natafuta maiti. Sisi wengi tunadhani upelelezi ni kumkamata mtu. Miss Marple anakubali kuifuatilia ile kesi ya maktabani kwa sababu yeye mwenyewe anaona mbele: ukweli usipopatikana, majirani watamkwepa kanali taratibu mpaka asinyae, na hana kosa. Kumtoa mtu kwenye shaka nako ni kazi ya mpelelezi, na kwenye ndoa nadhani ndiyo kazi kubwa zaidi.

Mkitaka kujaribu

• Chagueni kimoja, someni kwa sauti kwa zamu, nusu saa kabla ya kulala. Simu zikae sebuleni.

• Kila mmoja aandike mtuhumiwa wake kwenye karatasi, asimwonyeshe mwenzake. Atakayekosea anapika chai Jumapili.

• Anzeni na Mzimu wa Watu wa Kale au Siri ya Sifuri. Kiingereza kikiwa si tabu, Mama Ramotswe atawapokea vizuri.

• Hela haitoshi? Bodi ya Huduma za Maktaba ina maktaba mikoani, Morogoro mjini ikiwemo. Ulizeni uanachama.

• Mkibishana kuhusu mtu wa kitabuni, sikiliza mwenzako anamtetea nani. Utajifunza mambo.

Ukurasa wa mwisho

Siku ya kuondoka nilikwenda stendi ya Turiani. Rafiki yangu ana cherehani mbili pale na wasichana anaowafundisha kushona. Alinikaribisha kama mgeni wa kawaida, akanipa stuli. Nikamweleza habari ya baba, kibatari na karatasi. Nikamwomba radhi.

Alikaa kimya, mguu juu ya cherehani. Kisha akasema, "Unajua mimi nilipenda vitabu kuliko wewe?"

Najua. Alikuwa anasoma haraka kuliko mimi, na ndiye aliyenifundisha kubashiri. Sikuwa na la kusema. Nikamwachia kile kitabu juu ya vitambaa, karatasi zote zimo, nikawahi basi.

Tulipofika Dakawa simu ikaingia meseji. Mume wangu akachungulia, nami nikaigeuza aione.

"Usithubutu kuniambia muuaji ni nani. Nimerudia mwanzo."